Mtazame Mtoto, Usilitazame Titi

"Maziwa hayatoshi." Nimeambiwa hivyo kwa watoto wangu wote wawili, tena na watu wanaonipenda, na kwa wote wawili nimejiambia mwenyewe usiku wa manane wengine wakiwa wamelala. Kwa mtoto wa kwanza maneno hayo hayakuwa kweli. Kwa wa pili yalikuwa kweli kabisa. Ndiyo sababu naandika. Kauli ileile, kwa mama yuleyule, ilihitaji majibu mawili yanayopingana, na jibu la mtoto mmoja lingemdhuru mwenzake. Mama mwenye maziwa akiaminishwa kwamba hana, anaweza kuyapoteza kweli. Asiye nayo akiambiwa avumilie tu, mtoto ananyauka mikononi mwake huku watu wakimsifu kwa uvumilivu.

Mabishano kuhusu mtoto mchanga huanzia kwenye titi au kopo la maziwa ya unga. Kwangu swali hilo ni la pili. La kwanza ni kama mtoto huyu, leo, anapata chakula cha kutosha, na jibu lake halipatikani kwa kulipapasa titi wala kwa kupiga kura kati ya wageni waliokuja kutoa pongezi. Linasomeka kwa mtoto mwenyewe, ukishajua pa kutazama.

Hofu nyingi huzaliwa siku za mwanzo. Kinachotoka kwanza kwenye titi ni dang'a, maziwa mazito ya rangi ya njano, machache mno. Katika saa 24 za kwanza mtoto huweza kupata kama kijiko kimoja cha chai kila anaponyonya, na wakati mwingine hata kisifike. Mama anayesubiri maziwa meupe yatiririke siku hiyo anasubiri kitu ambacho wakati wake haujafika. Tumbo la mtoto ni dogo, figo zake ndiyo kwanza zinaanza kazi, naye anajifunza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Dang'a ina protini nyingi na kingamwili, hasa ile iitwayo IgA, inayotanda kwenye utando wa utumbo na kuvizuia vijidudu visijishike hapo. Humsaidia pia mtoto kutoa kile choo cheusi cha kwanza kinachonata. Choo hicho kikitoka mapema, umanjano nao hupungua, kwa kuwa sehemu ya rangi inayomfanya mtoto awe wa njano hutoka pamoja nacho.

Maziwa mengi huja baadaye, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne. Kinachoyafungulia njia ni kutoka kwa kondo la nyuma. Wakati wa ujauzito kondo hutengeneza homoni ya projesteroni, ambayo huyazuia matiti yasianze kazi kikamilifu. Kondo likishatoka, projesteroni hushuka ghafla, na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hupata nafasi yake. Hatua hii humfikia hata mama ambaye mtoto wake hajanyonya. Inaweza kuchelewa kwa aliyejifungua kwa mara ya kwanza, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye kisukari, au aliyepoteza damu nyingi. Mama wa namna hii mtoto wake afuatiliwe kwa karibu zaidi. Asiambiwe "yatakuja tu" kisha akaachwa peke yake.

Baada ya siku hizo utaratibu hubadilika, na hapa ndipo palipo kiini cha mambo yote nitakayosema. Titi si mtungi, kwamba unajazwa, unamiminwa, kisha unasubiri kujazwa tena. Hutengeneza maziwa wakati wote, na kasi yake hufuata kiasi kinachotolewa. Likiachwa limejaa, hupunguza. Likinyonywa au kukamuliwa hadi likalainika, huongeza. Kila mtoto anapovuta, ubongo wa mama huachilia prolaktini ya kutengeneza na oksitosini ya kushusha. Oksitosini hukaza misuli midogo iliyozunguka vifuko vya maziwa na kuyasukuma kuelekea kwenye chuchu. Prolaktini hupanda zaidi usiku, kwa hiyo kunyonyesha usiku katika wiki za mwanzo kunajenga maziwa ya mchana. Nayo oksitosini huzibwa na maumivu, woga na aibu. Maziwa yanaweza kuwapo na yasishuke vizuri kwa sababu tu mama ameketi mbele ya watu wanaomkodolea macho.

Sasa mchukue mtoto wangu wa kwanza. Kila ikifika jioni alikuwa ananyonya, anaachia, analia, anatafuta tena titi, ananyonya kidogo, analia. Nikapewa ushauri ambao nadhani akina mama wengi wamepewa: mpe chupa moja tu ya jioni, ashibe, alale. Ushauri huo hutolewa kwa huruma. Lakini chupa hiyo inachukua nafasi ya mnyonyo mmoja. Titi linabaki limejaa na linapata taarifa kwamba maziwa hayahitajiki saa hiyo. Kesho yake jioni yanakuwa pungufu kidogo, mtoto analia zaidi, inaongezwa chupa ya pili. Baada ya wiki chache kauli iliyokuwa si kweli inakuwa kweli, na wote walioitamka wanahisi walikuwa sahihi tangu mwanzo. Mimi niliokolewa na mkunga aliyempima mtoto uzito, akaniuliza habari za nepi zake, akamtazama akinyonya tangu mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Kisha akaniambia, "Mama, huyu anashiba. Jioni mpe titi kila anapotaka, upande huu na huu, hata mara nyingi mfululizo." Nilifanya hivyo, na jioni zile zikapita zenyewe kadiri alivyokua.

Dalili zinazodanganya ni nyingi, na ninazitaja kwa sababu kila moja niliwahi kuiona ni ushahidi dhidi yangu. Kilio cha jioni ni mojawapo. Watoto wengi wachanga hunyonya kwa mfululizo saa hizo. Nyingine ni mtoto kutaka tena baada ya saa moja. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, wakati mwingine zaidi, na hafuati vipindi vinavyolingana. Matiti kuwa laini baada ya wiki chache nako huwatisha wengi. Ule ukakamavu wa siku za kwanza ni uvimbe pamoja na maziwa, nao huisha mwili ukishajua kiasi cha kutengeneza. Kisha kuna mashine ya kukamua. Kiasi inachotoa kinaonyesha uwezo wa mashine na utulivu wako saa hiyo, wala hakimpimi mtoto, maana mtoto anayenyonya vizuri hutoa zaidi ya mashine. Na ile inayowashawishi watu kuliko zote ni mtoto aliyetoka kunyonya kupokea chupa na kuimaliza. Mtoto wa umri huo akiwekewa kitu mdomoni hunyonya, na maziwa ya chupa yakitiririka hana budi kumeza.

Dalili za kweli ni chache na hazina mvuto. Ni nepi, kumeza na uzito.

Anza na nepi. Choo cha siku ya kwanza ni cheusi. Kadiri maziwa yanavyoingia hugeuka kijani, na kufikia siku ya nne au ya tano kinapaswa kuwa cha njano na laini, pengine chenye chembechembe. Mtoto wa siku tano ambaye bado anatoa choo cheusi hajapata maziwa ya kutosha, na hilo halihitaji mjadala. Mkojo nao huongezeka siku hadi siku. Kuanzia siku ya tano tarajia nepi sita au zaidi zilizolowa vizuri kwa saa 24, mkojo ukiwa wa rangi hafifu. Madoa ya rangi ya matofali kwenye nepi siku mbili za mwanzo huwa ya kawaida. Yakiendelea baada ya hapo yanakuambia mtoto ana upungufu wa maji. Baadaye, akishapita wiki sita hivi, anayenyonya titi pekee anaweza kukaa siku kadhaa bila choo kikubwa na akawa mzima kabisa. Katika wiki za kwanza ukimya huo usiuchukulie kirahisi.

Kumeza kunasikika. Mwanzoni mtoto hunyonya harakaharaka kwa mivuto mifupi, anayaita maziwa. Yakishuka, mwendo hubadilika: taya linashuka chini kabisa, linatua kidogo, kisha unasikia funda. Anavuta, anatua, anameza. Mtoto anayechezesha midomo tu kwa nusu saa bila hata funda moja hajala, ingawa mama amemnyonyesha kwa nusu saa. Ndiyo maana sipendi tunapohesabu dakika.

Uzito ndio wenye neno la mwisho. Karibu kila mtoto hupungua siku za kwanza. Hadi asilimia 7 ya uzito wa kuzaliwa haishangazi. Ikikaribia asilimia 10, mtu mwenye ujuzi lazima amtazame akinyonya na kutafuta sababu. Kufikia umri wa wiki mbili wengi huwa wamerudia uzito waliozaliwa nao, na kutoka hapo, kwa miezi mitatu hivi, huongeza kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Apimwe kwenye mizani ileile, akiwa hana nguo. Mizani mbili tofauti zinaweza kumtia mama kiwewe bila sababu.

Naomba niseme kwa mkazo juu ya mtoto anayelala sana. Tumezoea kumsifu mtoto mtulivu: halii, hasumbui, amezaliwa na roho nzuri. Lakini mtoto mchanga asiyepata maziwa ya kutosha hukosa nguvu za kudai. Hulala, ukimweka kwenye titi hunyonya mara mbili tatu kisha hulala tena, umanjano wake huzidi, na umanjano humfanya alale zaidi. Katika siku za mwanzo, kabla hajarudia uzito wake wa kuzaliwa, mwamshe. Mvue nguo, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, msugue nyayo, mbadilishe nepi. Saa tatu zikipita mchana bila kunyonya, zimetosha. Na usingoje kilio ndipo umnyonyeshe. Njaa hutangulia kwa ishara ndogo: anageuza kichwa akitafuta, anafungua mdomo, anapeleka ngumi mdomoni. Akishaanza kulia huwa amechelewa, na mtoto aliyekasirika hulishika titi vibaya.

Hapo kwenye kulishika ndipo tunapopoteza akina mama wengi. Wengi wanaoacha kunyonyesha mapema huacha kwa sababu ya maumivu au kwa kudhani maziwa ni kidogo, na mara nyingi chanzo ni kimoja: mtoto ameshika chuchu peke yake. Chuchu haina maziwa ya kubinya. Mtoto anatakiwa aingize mdomoni sehemu kubwa ya ile duara nyeusi, hasa ya upande wa chini, ili chuchu ifike nyuma kwenye kaakaa laini isikosugwa. Mpakate tumbo lake likigusana na lako, sikio, bega na nyonga vikiwa katika mstari mmoja, maana hakuna anayeweza kumeza vizuri akiwa amepinda shingo. Pua yake iwe mkabala wa chuchu, ili alazimike kuinua kichwa kidogo. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, subiri apanue mdomo kama anayepiga miayo, kisha mlete yeye kwenye titi haraka, kidevu kikitangulia. Usiinamie ukampelekea titi, utaumia mgongo naye atashika ncha. Akishika sawasawa, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinukia nje, mashavu ni ya duara, na unaona weusi mwingi juu ya mdomo wake kuliko chini. Maumivu ya sekunde chache mwanzoni huwapata wengi. Yakiendelea mnyonyo mzima, au chuchu ikitoka imebonyea na kuchongoka, ingiza kidole kisafi kwenye kona ya mdomo wake, mtoe, anza upya. Kama kila namna imejaribiwa na bado inauma, atazamwe ulimi. Wapo watoto ambao ngozi iliyo chini ya ulimi imeufunga mno.

Simwambii mama yeyote avumilie chuchu zilizochanika. Maumivu hayo ni taarifa kwamba kuna kitu cha kurekebisha, na kwa kawaida kinarekebishika akipata mtu wa kuketi naye, kumtazama na kumshika mkono.

Kwa mtoto wa pili nilijua haya yote. Nilimpakata ipasavyo, alishika vizuri, nilimnyonyesha usiku na mchana. Lakini nilikuwa nimetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na maziwa hayakuja kama yalivyokuja kwa kaka yake. Safari hii nepi zilisema neno jingine. Choo kilikawia kuwa cha njano, mkojo ulikuwa mchache, na mizani iliendelea kushuka ilipopaswa kuanza kupanda. Waliokuwa karibu nami, wakikumbuka jinsi nilivyofanikiwa mara ya kwanza, walinitia moyo niendelee tu. Walinitakia mema. Mtoto alihitaji maziwa.

Upungufu wa kweli upo, na kumwambia mama kwamba kila mwanamke anaweza akijitahidi ni kumtwika mzigo usio wake. Kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua kunaweza kudhuru tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ile inayotoa prolaktini. Kipande cha kondo kilichobaki ndani huendelea kutoa projesteroni na kuzuia maziwa. Kikitolewa, maziwa huja. Tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri hupunguza maziwa na ina dawa. Upasuaji wa kupunguza matiti huweza kukata mirija. Wapo pia wanawake ambao tishu zao za kutengeneza maziwa hazikukua vya kutosha, na hakuna mbinu ya kupakata itakayozikuza. Baadhi ya sababu hizi hutibika, kwa hiyo mama mwenye upungufu naye ana haki ya kupimwa. Kukabidhiwa kopo na kuambiwa aende nyumbani hakutoshi.

Mtoto wangu alianza kuongezewa maziwa ya kopo kwa kikombe kidogo kila baada ya kunyonya. Kilichonikaa moyoni ni mikono yake. Tangu azaliwe ngumi zake zilikuwa zimefumbwa hata usingizini, na baada ya kikombe kile vidole vilifunguka kimoja kimoja. Sikuona haya hata chembe. Niliona mtoto aliyeshiba.

Maziwa ya unga yana historia ambayo inafaa ijulikane, kwa sababu inaeleza kwa nini watu huyazungumzia kwa hasira. Katika miaka ya 1860 mwanakemia wa Ujerumani Justus von Liebig alitengeneza chakula cha watoto wachanga kwa maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano na kimea, na mwaka 1867 Henri Nestlé akaanza kuuza chake huko Uswisi. Kwa mtoto aliyefiwa na mama ilikuwa nafasi ya kuishi. Lakini biashara haikuishia kwa watoto wa namna hiyo. Mwaka 1939, akiwa Singapore, daktari Cicely Williams alisimama hadharani kulaani namna maziwa ya kopo yaliyotiwa sukari yalivyouzwa kwa mama waliokuwa na maziwa yao, watoto wakafa. Miaka ya 1970 mjadala ulienea duniani, na Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala, kwa kura 118 dhidi ya moja, ile ya Marekani. Kanuni hizo hazipigi marufuku maziwa yenyewe. Zinakataza kuyatangaza kwa umma, kuwagawia akina mama sampuli za bure, na kuwatumia wahudumu wa afya kama mawakala wa mauzo. Makini na tofauti hiyo: kampuni inayomshawishi mama mwenye maziwa kwamba hana inastahili lawama, na mama aliyenunua kopo hastahili.

Wala sitajifanya kwamba vitu hivi viwili ni sawa. Maziwa ya kopo mengi ni maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa protini na madini, yakaongezwa laktosi, mafuta ya mimea, madini ya chuma na vitamini. Yanalisha, na mtoto hukua nayo. Hayana chembe hai wala kingamwili za mama, ambazo hutengenezwa kufuatana na vijidudu vilivyo katika nyumba ileile anamoishi mtoto. Maziwa ya mama yana pia sukari za aina ya pekee ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya, kwa sababu ni chakula cha bakteria wema wa utumboni mwake. Mwaka 2016 jarida la tiba la Lancet lilikadiria kwamba vifo 823,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano vingeepukika kila mwaka kama unyonyeshaji ungefikia karibu watoto wote, na sehemu kubwa kabisa ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kuhara na maambukizi ya kifua vinahusika sana. Kwa hiyo anayetumia kopo anapaswa kufundishwa kulitayarisha kwa uzito uleule tunaofundishia kupakata. Nilipolihitaji, nilikuta karibu kila mtu ana maoni juu ya kopo na ni wachache mno waliojua kulitayarisha.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba unga huo si tasa, hata kopo likiwa halijafunguliwa. Unaweza kuwa na bakteria aitwaye Cronobacter au salmonela, na kwa mtoto wa wiki chache Cronobacter anaweza kuleta maambukizi ya damu na ya utando wa ubongo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaagiza maji yachemshwe, yaachwe yapoe kwa muda usiozidi dakika 30, na unga utiwe yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70. Joto hilo linaua bakteria waliomo kwenye unga. Maji yaliyochemshwa asubuhi na kuhifadhiwa yakiwa ya uvuguvugu ni salama yenyewe, ila hayaufanyi unga kuwa salama. Baada ya kuchanganya, poza chombo kwenye maji ya baridi, dondosha tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, na likiwa vuguvugu mpe. Kisichotumika ndani ya saa mbili kimwagwe. Kwa aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye kinga dhaifu, yale maziwa ya maji yaliyokwisha tayarishwa kiwandani ni bora yakipatikana, kwa kuwa hayo ni tasa.

Maji hutangulia, unga hufuata. Ukianza na unga, kipimo cha maji kinapotea. Tumia kijiko kilichomo ndani ya kopo hilohilo, kwa kuwa cha aina nyingine kinaweza kuwa na ujazo tofauti, na kisawazishe kwa kisu kisafi bila kushindilia. Kurefusha kopo kwa kuongeza maji ni hatari kubwa: mtoto hapati chakula, na maji yakizidi, chumvi mwilini mwake hushuka hadi kuleta degedege. Kuzidisha unga nako huzielemea figo na kumkausha. Katika miezi ya mwanzo anayetegemea kopo pekee huhitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, zikigawanywa katika milo mingi. Hiyo ni dira tu. Mtoto akigeuza kichwa, ameshiba, hata kama kimebaki kidogo. Chupa ishikwe karibu sambamba na sakafu, mtoto akiwa ameinuliwa, aachiwe apumzike kila baada ya mafunda kadhaa. Usimwegemezee chupa kwenye mto ukaondoka. Kikombe kidogo cha wazi ni rahisi kukisafisha kuliko chupa na nyonyo yake, na hata mtoto wa siku chache anaweza kukitumia akiwa amekaa wima, maziwa yakigusa mdomo wake ili ayarambe mwenyewe.

Kuhusu makopo yenye namba za umri: ya kwanza, yale ya tangu kuzaliwa, yanatosha mwaka mzima. Maziwa ya ng'ombe ya kawaida hayafai kuwa kinywaji kikuu kabla ya mwaka, kwa kuwa yana protini na madini mengi kwa figo changa, yana madini ya chuma kidogo, na yanaweza kusababisha utumbo kuvuja damu polepole. Maji, chai na uji visubiri hadi miezi sita. Asali isubiri mwaka, kwa ajili ya sumu ya botulizimu.

Na hakuna aliyesema lazima uchague upande mmoja. Mimi niliendelea kumnyonyesha mtoto wa pili kwanza, pande zote mbili, kisha kikombe, kisha nikakamua nilichoweza ili titi lisije likaelewa kwamba kazi imekwisha. Kile kidogo kilichotoka kilikuwa na kingamwili zilezile. Kadiri mizani ilivyopanda, tulipunguza kikombe kidogo kidogo, tukisubiri uzito uthibitishe kabla ya kupunguza tena. Hakikuisha kabisa, na sikulazimisha kiishe. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne mahali pasipozidi nyuzi 25, siku nne kwenye jokofu, na miezi sita hivi kwenye friza. Yakishayeyushwa hayagandishwi tena. Mama anayeishi na VVU, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, anaweza kunyonyesha akiwa anatumia ARV bila kukosa, mahali ambapo nchi imechagua njia hiyo. Azungumze na kliniki yake kabla hajabadilisha chochote.

Walio karibu na mama wana kazi yao, na kwa kawaida si ile wanayoikimbilia. Wanataka kumlisha mtoto, wakati anayehitaji kulishwa kwa kijiko ni mama. Mtoto akitaka titi usiku, baba anaweza kumleta, kumbadilisha nepi, kumweka begani acheue na kumrudisha kulala. Mama anayetumia kopo anaweza kuachiwa alale usiku mzima na mwingine akaamka. Na mama anayelia kila siku baada ya wiki mbili, asiyeweza kulala hata mtoto akilala, au anayehisi mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Dawa nyingi za sonona zinaweza kutumika huku akinyonyesha.

Kuna hali ambazo haziruhusu kungoja siku ya kliniki. Mtoto ambaye haamki anyonye, au anaamka lakini hana nguvu ya kuvuta. Mtoto aliyekaa saa nane bila mkojo, utosi wake umebonyea, mdomo ndani mkavu. Umanjano uliotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au uliofika kwenye miguu na nyayo. Joto la nyuzi 38 au zaidi, mwili uliopoa usiotaka kupata joto, matapishi ya kijani, pumzi za haraka zinazovuta mbavu ndani. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, ukiwa umemkumbatia kifuani apate joto, na kama bado anaweza kumeza, endelea kumnyonyesha au kumpa kwa kikombe njia nzima.